Funguo Zilikuwa Wapi

Walinichagua kwa urefu wa mikono, si kwa masikio.
"Nargiza, wewe unafika dari," alisema Zviadi,
naye ndiye mwongozaji, tena ndiye aliyenunua mkate,
basi nikawa mtu wa sauti
kama mtu anavyokuwa shangazi: ghafla, bila mtihani.

Kutaisi ilinyesha wiki nzima.
Stoo ya Tsiala iko chini ya duka la viatu,
ngazi kumi na moja, ya tisa imevunjika,
na mwenyewe ameketi katikati ya nyaya
akibanja lozi kwa koleo la fundi umeme.

Nikanyooshea kidole ile maikrofoni ndefu,
nyeusi, nyembamba,
ile ambayo ukiishika tu unaonekana unajua.
Hakuinuka.
"Hiyo husikia inakotazama, basi.
Ina kinyongo.
Mwigizaji akigeuza shingo nawe ukachelewa
kiasi cha kupepesa jicho,
neno limekwenda, na halirudi kwa kubembelezwa.
Tena jikoni, chini ya dari fupi,
itakuokotea kuta zote,
kila mtu ataongea kama yumo ndani ya pipa."

Akatoa kwenye soksi, ndiyo, soksi ya sufu, ya mtoto,
kitu kifupi, kinene kama gumba la seremala,
rangi imechubuka, shingoni utepe mwekundu.
"Huyu ana mabega mapana.
Ukikosea kwa shubiri moja, atakusitiri.
Ukikosea kwa dhiraa mbili,
hapo hata mimi sikusitiri."

Nikauliza bei, nikidhani rehema ni ghali.
Ilikuwa nusu ya ile ndefu.
Hilo ndilo lililonitia shaka.

"Na friji," alinipigia kelele nikiwa ngazi ya nane,
"zima friji! Halafu tia humo funguo za nyumba yako,
usije ukaondoka ukaiacha nyama ya watu ioze."
Nikaitikia. Nikaruka ngazi ya tisa.

Waliosema mwanzo mgumu
hawakuwahi kuinua ufito wa mita tatu
huku mpiga kamera akinong'ona, "Juu, juu, naona kivuli."
Dakika ya kwanza mikono ni yako.
Ya pili ni ya mtu mwingine.
Ya nne haina mwenyewe.

Bibi Guguli aliigiza mama
ambaye mwanawe anahamia Poland kesho.
Mazoezini alikuwa akikaa, akiitazama sahani,
akisema maneno yaliyoandikwa, moja moja, kama anayelipa deni.
Mara ya tatu kamera inazunguka, akasimama.
Hakuna aliyemwambia asimame.
Akaenda dirishani, akatupa mgongo sote,
akaliambia kioo:
"Chukua sweta ya baba yako."

Haikuwamo kwenye karatasi.
Ufito wangu ulikuwa bado juu ya kiti kitupu,
ukimsikiliza mtu aliyekwisha ondoka.

Lakini kwenye hedifoni likanifikia,
limepoa kidogo, limeingilia ubavuni,
zima,
na nyuma yake ile pumzi aliyoimeza
ili isiwe kilio.

Pamoja nayo ukaja mngurumo.
Anayesamehe wote husamehe na friji.

Zviadi alisikiliza, akauma kucha.
"Turudie."
"Sirudii," alisema Bibi Guguli, akivaa koti,
na kwa kuwa alikuwa shangazi wa mama yake
mjadala uliishia hapo.

Filamu ilipoonyeshwa, kwenye ukumbi wa shule wenye viti vya mbao,
mwalimu mmoja aliyevaa tai alinishika mkono.
Alisema mngurumo ule chini ya sauti ya mama
ulimkumbusha basi linalosubiri nje, injini ikiwaka.
Nani alibuni?
Nikatazama viatu vyangu.

Asubuhi nikairudisha soksi na kilichomo.
Tsiala akavaa hedifoni, akafumba macho,
akasikiliza hadi mwisho, akarudisha nyuma, akasikiliza tena.
Hakusifu. Hakukaripia.
"Funguo zilikuwa wapi?"
"Mfukoni," nikasema.

Akanisogezea lozi moja, na koleo.